Chuku Iliyovikwa Tarakimu: Uhakiki wa Madai Kuhusu Kasi na Nguvu za Wanasoka

Ikisiri

Makala haya yanahakiki madai yaliyotiwa chumvi kuhusu kasi na nguvu za wachezaji wa soka. Hoja kuu ni kwamba chuku haina kosa inapotambulika kuwa chuku. Kosa huanza inapovikwa tarakimu na kupokewa kama kipimo. Mifano miwili kutoka Ulaya inachambuliwa, kisha zinajadiliwa athari zake kwa tathmini ya wachezaji na kwa uandishi wa michezo wa Kiswahili.

Utangulizi

Chuku ni mbinu kongwe katika fasihi ya Kiafrika. Katika majigambo, shujaa anaweza kung'oa mbuyu kwa mkono mmoja, na hadhira haiulizi mbuyu huo ulikuwa na uzito gani, kwa kuwa inaijua kanuni ya fani. Mtangazaji wa mpira redioni ni mrithi wa fani hiyo. Anaposema winga amepita kama umeme, au mkwaju umetoka kama kombora, humchorea msikilizaji picha ambayo macho yake hayawezi kuiona. Hapo hakuna anayedanganywa. Hali hubadilika pale umeme unapogeuzwa kuwa kilomita kwa saa.

Kasi: wastani dhidi ya kilele

Mwaka 2019 vyombo vingi vya habari viliripoti kwamba Kylian Mbappé, akiichezea Paris Saint-Germain dhidi ya Monaco, alifikia kasi ya kilomita 38 kwa saa. Kwa hiyo, ilidaiwa, alimzidi Usain Bolt, aliyekimbia kwa kilomita 37.58 kwa saa alipoweka rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka 2009. Tarakimu ya Bolt ni sahihi kihesabu: mita 100 kwa sekunde 9.58 huzaa kiwango hicho. Lakini huo ni wastani wa mbio nzima, unaojumuisha muda wa kuitikia mlio wa bastola na hatua za kwanza za mwili uliokuwa umetulia. Tarakimu ya Mbappé ni kilele, yaani kasi ya juu kabisa ya kitambo kifupi, tena ya mchezaji ambaye huenda tayari yumo mwendoni.

Katika mbio zile za Berlin, Bolt alitumia sekunde 1.61 tu kutoka mita ya 60 hadi ya 80, sawa na takriban kilomita 44.7 kwa saa. Kilele kikilinganishwa na kilele, pengo linazidi kilomita 6 kwa saa, na anayeongoza ni Bolt. Hata tarakimu zote mbili zikikubaliwa kama zilivyoripotiwa, hitimisho bado ni batili. Upotoshaji umo katika kiunganishi "kwa hiyo".

Nguvu: picha saba za televisheni

Mfano wa pili ni wa Mbrazili Ronny Heberson, ambaye mwaka 2006, akiwa na Sporting ya Lisbon, alifunga kwa mpira wa adhabu uliodaiwa kusafiri kwa takriban kilomita 211 kwa saa. Dai hilo lilitokana na hesabu kwamba mpira ulikwenda mita 16.5 kwa sekunde 0.28. Televisheni za Ulaya kwa kawaida zilionyesha picha 25 kwa sekunde. Kila picha huchukua sekunde 0.04, na sekunde 0.28 ni picha saba. Kosa la picha moja tu, muda ukiwa sekunde 0.32, huishusha kasi hadi takriban kilomita 186 kwa saa. Kosa la picha mbili huifikisha 165. Kipimo kinachoyumba kiasi hicho hakiwezi kubeba rekodi. Mkwaju ulikuwa mkali, na mtangazaji ana haki ya kuuita kombora. Mwandishi anayeandika 211 bila kutaja njia ya kupima hana haki hiyo.

Athari: mwili husifiwa, akili husahauliwa

Huenda ikadaiwa kwamba soka ni burudani na kwamba chumvi kidogo haimdhuru mtu. Utetezi huo unadhoofishwa na utafiti wa RunRepeat wa mwaka 2020, uliofanywa kwa ushirikiano na chama cha wanasoka wa kulipwa cha Uingereza. Ulichambua kauli 2,073 za watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi nne za Ulaya. Uwezekano wa kauli kuhusu nguvu kumhusu mchezaji mwenye ngozi nyeusi zaidi ulikuwa mara 6.59 ya ule wa mwenye ngozi nyeupe zaidi. Kwa kasi, ulikuwa mara 3.38. Sifa za akili zilielekea upande wa pili: zaidi ya asilimia 62 ziliwaendea wenye ngozi nyeupe zaidi.

Chuku ya mwili, basi, haigawanywi sawasawa. Kijana wa Kiafrika anayesifiwa miaka yote kwa mapafu na misuli hujengewa taswira ya mtu wa kukimbia, si wa kusoma mchezo wala kuongoza wenzake. Taswira hiyo inaweza kumfuata katika usajili, katika nafasi anayopangiwa uwanjani, na hata anapoomba kazi ya ukocha. Mwandishi wa Kiswahili anayetafsiri sifa hizo neno kwa neno huisambaza taswira hiyo kwa wale wale inaowapunguza.

Mapendekezo

Uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, uliotolewa kwa Kenya, Uganda na Tanzania, unalipa suala hili uzito wa kisera. Kwanza, mitaala ya uandishi wa habari ifundishe kwamba kila tarakimu ya kasi iambatane na maelezo matatu: ni wastani au kilele, ilipimwa kwa kifaa gani, na kwa umbali gani. Pili, vituo vya kukuza vipaji visichague watoto kwa mbio pekee. Uamuzi, nafasi na pasi vipimwe pia. Tatu, watafiti wa isimu wakusanye kauli za watangazaji wa Kiswahili na kuzihesabu kama zilivyohesabiwa za Kiingereza.

Hitimisho

Mtangazaji aachiwe umeme wake na kombora lake. Hizo ni mali halali za lugha. Mwandishi wa tarakimu naye adaiwe ushahidi wake. Pale kazi hizi mbili zinapochanganywa, ushairi hupoteza uhuru, takwimu hupoteza heshima, na mchezaji hubaki misuli isiyo na kichwa.