Swali Lisilonakilika

Nikishika kitabu cha kusoma Kiingereza cha darasa la tano, huiacha hadithi kwanza nikaenda kwenye maswali yaliyo chini yake. Hapo ndipo ninapomjua fundi.

Tuseme hadithi ni ya Neema, aliyechelewa shule kwa sababu mto ulifurika. Swali: kwa nini Neema alichelewa? Linaonekana la kufikirisha, maana lina "kwa nini". Lakini mtoto hulisaka neno because, akalikuta mstari wa tatu, akanakili yanayofuata. Kapata vema. Angepata hata kama hadithi ingesema Neema alifyekula kwa sababu mdodoli ulijukusa.

Fundi huanza kazi mapema, ndani ya hadithi yenyewe. Ile because anaing'oa. Badala yake anaacha viatu vinavyochuruzika maji, sare yenye tope hadi kiunoni, na mwalimu anayeirudisha fimbo mezani bila neno. Kisha anauliza: mwalimu alitambua nini? Jibu halimo kwenye mstari wowote. Mtoto anarudi juu, kidole kinapita kwenye viatu, kinasimama kwenye tope, kinashuka hadi kwenye fimbo. Kidole hicho kinachorudi nyuma nakipenda kuliko alama yoyote ya vema.

Benjamin Bloom na wenzake walizipanga ngazi za kufikiri mwaka 1956. Mwaka 2001 zikarekebishwa, na za juu zikawa kuchambua, kutathmini na kuunda. Waandishi wengi huchomeka vitenzi hivyo wakadhani wamepanda. Kitenzi peke yake hakipandishi swali.

Kazi ngumu zaidi ni hii: mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma, akajifunza Kiswahili, sasa anasoma lugha ya tatu. Swali likiwa na Kiingereza kizito, atashindwa lugha kabla hajafika kwenye fikra. Kwa hiyo fundi huulainisha msamiati hadi uwe wa darasa la tatu, uzito wote akauweka kwenye wazo. Je, mwalimu alifanya sawa? Onyesha sentensi iliyokufanya useme hivyo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ninayoivulia kofia: inamruhusu mtoto kukataa, ila si bila ushahidi.

Halafu nafungua kiongozi cha mwalimu, ukurasa wa majibu. Kwa swali hilo fundi ameandika majibu mawili yanayopingana, na chini yake: yote yapokelewe.