Nzi wa Julai, nzi wa Februari

Tikisa mkungu wa ndizi zilizoiva sana kwenye kibanda chochote cha mtaa wa Huruma, Nairobi, na vinzi wataruka. Ni Drosophila. Mjini Berlin, Ferdi Ridvan Kiral, Robin Hiesinger na wenzao walimtumia kuuliza jambo moja: je, joto la mahali nzi anapokulia hubadilisha sinapsi zake, yaani pale neva moja inapokabidhi nyingine ujumbe? Jibu walilichapisha mwaka 2021.

Walichukua nzi wenye jeni zilezile, wakawalea wengine kwenye nyuzi 25 za selsiasi na wengine kwenye 19. Huruma inavijua viwango vyote viwili: mchana wa Februari, na Julai sweta isipotoka mwilini. Hakuna aliyechomwa wala kugandishwa, na kwangu huo ndio ufundi wenyewe. Ukimbanika mdudu hadi azimie, utajua joto linaharibu nini. Namna ubongo unavyojijenga hutaijua.

Ungetarajia baridi ipunguze miunganisho. Iliiongeza. Nzi wa nyuzi 19 walikuwa na vijitawi vingi zaidi vya neva, sinapsi nyingi zaidi, tena nyingine na neva ambazo kwa kawaida hazishirikiani. Kwenye baridi ukuaji huenda polepole, ukichukua karibu mara mbili ya muda, na neva hupata nafasi ndefu ya kupapasa majirani. Matatu inayokawia stejini hujaa hata abiria wa kushuka karibu. Lakini uwiano kati ya miunganisho ya kawaida haukuyumba.

Kisha wakaibana R7, seli ya jicho inayopokea miale ya urujuanimno. Walitumia nzi wenye hitilafu ya jeni iitwayo DIP-gama, ambayo humwondoa mshirika anayependelewa na R7. Seli haikukaa mikono mitupu. Iliziba pengo kwa majirani isiowazoea, hadi ikafikia idadi yake ya kawaida ya sinapsi, na joto la malezi ndilo lililoamua iwachukue kwa kiasi gani. Kumbe R7 haina mkataba na neva fulani. Ina idadi ya kutimiza, na hutimiza na aliyepo.

Nzi wa malezi yale mawili walipokomaa na kupimwa, usahihi wa mwendo ulikuwa uleule kwa makundi yote. Uchangamfu ndio uliotofautiana, kila kundi likifanya vizuri kwenye joto lililolilea.

Nina nongwa moja tu. Kabati la maabara hushika nyuzi 19 usiku na mchana. Chini ya mabati ya Huruma, pupa hupitia baridi ya alfajiri na fukuto la saa nane siku hiyohiyo, kisha kesho tena, hadi atoke akiwa nzi.