Tab Sasa Inajua Namisindwa!

Jamani, andika `ripoti mbale n`, bonyeza Tab, kisha tazama: `namisindwa` inajiandika yenyewe mpaka herufi ya mwisho! Uwezo huu wa kuifundisha Bash ikamilishe amri zako mwenyewe umo ndani yake tangu toleo la 2.04 la mwaka 2000. Mimi ndiyo kwanza nimeuonja, na sitaki kuandika tena kwa njia ya zamani.

`ripoti` ni skripti yangu ndogo ya taarifa za matawi mawili: Jinja linahudumia wilaya za Busoga, Mbale za Bugisu, huku mashariki ya Uganda. Ukitaka kuanza, mstari mmoja ndani ya `~/.bashrc` unatosha:

`complete -W "iganga kamuli luuka bududa sironko" ripoti`

Fungua terminali upya, andika `ripoti l`, Tab, na `luuka` hiyo hapo. Raha iliyoje!

Ila majina ya kwetu yana mtihani wake. Yaingize yote na `bu` inakurudishia Bugiri, Bugweri, Buyende, Bududa na Bulambuli kwa pamoja. `Nam` nayo ina Namayingo, Namutumba na Namisindwa. Orodha moja ndefu haifui dafu hapo. Dawa ni `complete -F`, na hapa ndipo nilipopagawa kabisa. Unaiandikia Bash fanksheni fupi. Bash inaikabidhi maneno uliyokwisha kuandika, katika `COMP_WORDS`. Fanksheni inaangalia kama tawi ni Jinja au Mbale, inachuja majina kwa `compgen`, na kuyaweka katika `COMPREPLY`. Kwa hiyo `ripoti mbale bu` inaleta Bududa na Bulambuli tu. Busoga haionekani kabisa! Kompyuta inafuata jiografia ya mashariki ya Uganda kama kondakta wa matatu ya Mbale.

Majina yenyewe usiyafungie ndani ya fanksheni. Wilaya zetu humegwa: Namisindwa ilitoka Manafwa mwaka 2017, Bugweri ikatoka Iganga mwaka 2018. Yaweke katika faili, moja kwa kila tawi, na fanksheni ilisome kila Tab inapobonyezwa. Wilaya mpya ikizaliwa, unaongeza jina, unahifadhi faili, na kubonyeza kunakofuata tayari kunalijua, bila kuwasha upya chochote.

Kasoro ni moja: majina yanapogongana, Bash hungoja ubonyeze Tab mara mbili ndipo ikuonyeshe orodha. Ondoa usumbufu huo kwa kuandika `set show-all-if-ambiguous on` katika `~/.inputrc`. Wanaotumia fish badala ya Bash wana utamu zaidi, maana kila pendekezo linaweza kubeba maelezo yake pembeni, na hilo ndilo ninalolivamia wiki hii. Wewe anza na `complete -W`. Anza leo, kwa amri unayoiandika kila asubuhi!