Weusi wa Mpini Si Umri wa Kisu

Nchini mwetu kitu chochote cha chuma kilichozeeka bila mwenyewe kujulikana hupewa asili moja: ni cha Mjerumani. Kwa wilaya ya Kilosa dai hilo lina pa kusimamia. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ilikatiza hapa. Mashamba ya mkonge yakaenea upande wa Kimamba na Rudewa. Na viwanda vya Solingen huko Ujerumani vilikuwa vikitengeneza visu vya kukunja kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, Okapi ikiwa chapa mojawapo tangu 1902. Kwa hiyo kisu cha mfukoni chenye mpini wa mfupa kikitokea kwenye nyumba ya mzee, iwe Kilosa mjini, Mikumi au juu milimani Vidunda, si ajabu mtu akakihesabia miaka mia na zaidi. Tatizo ni ushahidi anaoutoa. Huonyesha mpini: tazama ulivyokuwa mweupe, tazama sasa ulivyo kahawia, karibu na weusi. Hoja yangu ni kwamba rangi hiyo haisemi miaka. Inasema jinsi kisu kilivyobebwa, na mkono uliokishika ulikuwa unafanya kazi gani.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mpini wa kisu cha kukunja hutengenezwa kwa vibao viwili vilivyokatwa kwenye ukuta mgumu wa mfupa wa mguu wa ng'ombe, vikachemshwa kutoa mafuta, kisha vikapigwa ribiti juu ya bati jembamba la shaba au chuma. Takribani theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Iliyobaki kwa sehemu kubwa ni kolajeni, protini inayoyashikamanisha madini hayo. Lakini kinachohusu rangi si madini wala protini, bali nafasi zilizo katikati yake. Mnyama alipokuwa hai, mishipa ya damu ilipita ndani ya mfupa kwa vijifereji vyembamba kuliko unywele, na fereji hizo hubaki wazi baada ya nyama kwisha. Ndizo zinazoonekana kama vidoa au mistari midogo mieusi kwenye mpini mkuukuu. Kila kinachogusa mpini, yaani jasho, mafuta ya mkono, damu ya mbuzi, vumbi jekundu, tumbaku, huingia humo na hakitoki. Mafuta yaliyoingia hukutana na oksijeni yakageuka manjano, kisha kahawia. Jasho, ambalo kwa kawaida lina asidi kidogo, hulainisha uso wa madini polepole, na msuguano wa kiganja unaulainisha zaidi mpaka unang'aa. Kwa hiyo kuna kazi mbili zinazokwenda pamoja, kujaza na kusugua, na mpini uliobebwa kweli huonyesha zote mbili: mashimo na michoro yake huwa myeusi, matuta yaliyo juu hubaki meupe zaidi na laini, kingo hupoteza ukali.

Mahali kisu kinapokaa hubadilisha mambo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kisu kilicholala mfukoni hugeuka zaidi upande unaoelekea paja, kwa sababu huko ndiko kwenye joto na jasho. Kilichochomekwa kwenye ala ya ngozi kiunoni, kama wafugaji wa Kilosa wanavyobeba sime zao, hukutana na kitu kingine kabisa. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina tanini. Tanini ikipata unyevu na ikagusana na chuma hutoa rangi nyeusi ya samawati, kemia ileile iliyotumika kutengeneza wino wa zamani. Mpini wenye ribiti za chuma ukikaa kwenye ala ya namna hiyo unaweza kupata weusi mzito kuzunguka kila ribiti baada ya masika machache tu. Ribiti zikiwa za shaba, mafuta ya mkono huila shaba polepole na kuacha pete ya kijani. Kazi nayo ina alama zake. Mkata mkonge hufanya kazi kwenye utomvu wenye asidi unaowasha hata ngozi; mfupa ukizoea utomvu huo uso wake huchakaa na kufungua fereji zaidi, na uchafu huingia upesi. Mkulima wa Vidunda, kwenye ubaridi na ukungu wa mlimani, hatoki jasho sawa na kibarua wa miwa huko chini Ruembe, njia ya Mikumi kwenda Kidatu, penye joto la bonde. Wape wawili hawa visu viwili vilivyotoka kiwanda kimoja siku moja, na baada ya miaka kadhaa mtu asiyewajua ataapa kwamba kimoja ni baba wa kingine.

Atakayenipinga atasema: hata hivyo, muda lazima uhesabiwe, hakuna mpini unaogeuka mweusi kwa usiku mmoja. Ni kweli, na sikatai kwamba mfupa ulioachwa peke yake nao hubadilika. Mafuta yaliyosalia ndani baada ya kuchemshwa huendelea kuwa manjano hata kama hakuna mkono unaougusa, na kolajeni nayo hupoteza weupe. Lakini muda huo hauna mwendo mmoja. Funguo za pembe ya ndovu kwenye piano za zamani ni mfano unaojulikana vizuri na mafundi wake: piano inayofungwa daima hugeuka manjano, inayoachwa wazi penye mwanga hubaki nyeupe zaidi, ingawa zote mbili zina umri sawa. Mfupa hufuata tabia hiyohiyo. Kisu kilichosahauliwa ndani ya sanduku kitaonekana kizee kuliko kilichotundikwa ukutani penye jua, na kilichowekwa juu ya jiko la kuni kitavizidi vyote kwa moshi. Saa inayokwenda haraka au polepole kutegemea chumba ilimowekwa haiwezi kutumika kutaja mwaka.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka ng'ambo ya bahari. Nchini Yemeni jambia lenye mpini wa pembe ya faru huthaminiwa kwa umri, na wanunuzi huutambua kwa kuutazama: pembe iliyoshikwa vizazi kadhaa hupata mng'ao wa kaharabu, na mwanga hupenya pembeni mwake. Upendo huo ulitugharimu. Sehemu ya pembe za faru waliouawa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980 iliishia kwenye mipini hiyo. Kama Wayemeni wanausoma umri kwa macho, kwa nini sisi tushindwe? Jibu la kwanza ni kwamba pembe ya faru si mfupa. Ni keratini, kitu kilekile cha kucha na nywele, haina fereji za damu, na kwa hiyo haijazwi uchafu kwa ndani. Inasuguliwa tu mpaka inakuwa angavu. Wanachosoma ni mwanga unaopita ndani, si weusi ulioganda juu. La pili, jambia la thamani kwa kawaida huja na jina la familia iliyolimiliki, na jina hilo ndilo linaloshika nusu ya kazi ya kukadiria. Kisu chetu cha sandukuni hakina jina. (Na kwa kuwa tuko jirani na hifadhi ya Mikumi, niongeze: mfupa wa twiga au pembe ya ndovu kwenye mpini ni nyara za Serikali, na anayeumiliki bila kibali ana shida kubwa kuliko ya kujua umri wake.)

Kisha kuna rangi zisizotokana na mkono wa mtu. Viwanda vya Sheffield na Solingen vilipaka mifupa rangi ya kahawia tangu mwanzo, vikaichonga mashimo ili ifanane na pembe za paa wa Ulaya. Mpini wa namna hiyo ulikuwa "mzee" siku uliyotoka dukani. Na asiyekuwa na kiwanda ana chai ya rangi, au pamanganeti ya potasiamu, ile punje ya zambarau ya kuulia vijidudu, ambayo huacha rangi ya kahawia iliyoiva kwa saa chache. Kumtambua fundi wa hila si vigumu sana. Rangi ya kupakwa huingia kila mahali kwa usawa, hata kwenye ukingo wa ndani ambako kidole hakifiki kisu kikiwa kimefungwa. Rangi ya kubebwa huwa na upendeleo, upande mmoja zaidi ya mwingine, na karibu na ribiti kuna pete. Kosa baya zaidi ni la mnunuzi anayetaka kuona weupe wa asili akaloweka mpini kwenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Klorini hula kolajeni. Mfupa unatoka mweupe kama chaki, na kama chaki unaanza kumomonyoka.

Anayetaka mwaka aache mpini afungue kisu. Tangu sheria ya Uingereza ya 1887 ya alama za bidhaa, visu vya Solingen vilivyopitia masoko yake vilianza kupigwa jina la nchi vilikotoka kwenye chuma, karibu na bawaba, mahali ambapo kutu hulificha lakini hailifuti kwa urahisi. Neno la Kijerumani "rostfrei", maana yake chuma kisichoshika kutu, halingeweza kuwapo kabla chuma hicho hakijapatikana, na kilipatikana Ujerumani mwaka 1912 na Sheffield mwaka 1913. Utawala wa Wajerumani huku Kilosa ulikoma mwaka 1916, katikati ya vita vilivyokuwa vimefunga bandari. Maneno yanayotaja Ujerumani Magharibi ni ya baada ya 1949. Kisu chenye mpini mweusi kama masizi na maandishi hayo ya mwisho kwenye bapa hakikubebwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo. Kilibebwa na mtu mwingine, kwa bidii, kwenye jasho jingi, na huenda mjukuu wake bado anaweza kukuambia alikuwa akikata nini.