Mtoto alisema 'mwendo', kalamu nyekundu ikaandika 'umbali'

MAJUZI nilikuwa Makina, Kibera, nyumbani kwa rafiki yangu wa miaka mingi. Mjukuu wake wa Gredi ya 6 akaniletea daftari la insha. Alikuwa ameandika kwamba kutoka Nairobi hadi New York ni mwendo wa saa kumi na tano kwa ndege. Kalamu nyekundu ilikuwa imekata 'mwendo' na kuandika 'umbali' juu yake. Alama moja ikaenda.

Nionavyo, mtoto hakukosea hata kidogo.

Umbali ni nafasi iliyopo kati ya mahali na mahali. Hupimwa kwa kilomita, maili, hata kwa hatua. Kati ya Nairobi na New York kuna takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilipoanza kusafiri moja kwa moja baina ya miji hiyo, Oktoba 28, 2018, ilitangaza kuwa kwenda kungechukua saa 15 na kurudi saa 14, kwani pepo za juu huvuma zaidi kutoka magharibi; humkinza aendaye na kumsukuma arudiye. Sasa tukisema 'umbali wa saa 15', je, New York husogea karibu abiria anapogeuza kurudi nyumbani? Kilomita ni zile zile. Kilichobadilika ni mwendo, neno litokanalo na 'enda', ambalo limebeba kasi, namna ya kwenda na muda unaotumika. Ndiyo maana wazee walisema 'mwendo wa siku tatu' na wakaeleweka.

Siku hiyo nilitembea hadi barabara ya Ngong kutafuta matatu ya kwenda Kawangware. Nikamuuliza makanga (utingo, mkipenda) kama ni mbali.

"Ah, mzee, si mbali. Ni mwendo wa dakika ishirini hivi, lakini kukiwa na jam, hapo sikuahidi kitu."

Hebu tazama alivyotenganisha mambo mawili kwa pumzi moja: 'si mbali' ni umbali, dakika ni mwendo. Tulifika baada ya dakika hamsini. Kawangware haikuwa imehama.

Simlaumu sana mwalimu. Husikia 'umbali wa masaa 15' redioni na kwenye runinga kila uchao (kuhusu hayo 'masaa' leo nitajizuia). Isitoshe, nimepekua makala zangu za zamani nikakuta nami niliwahi kuandika kuwa Mombasa ni 'umbali wa saa nane kwa basi'. Hakuna aliyeninyima alama.

Wapo wenzangu watakaosema lugha ni mazoea na kwamba 'umbali wa saa' umeshazoeleka. Sawa, waandishi na watangazaji wautumie wakitaka. Lakini mazoea hayo hayatoshi kumkatia alama mtoto aliyetumia neno la asili mahali pake.

Nilimshauri mjukuu wangu arudi kwa mwalimu na daftari lake, kwa heshima, amuulize New York husogea saa ngapi.