Makaburi ya Gorila na Majina ya Watu

Kwetu bondeni, mbwa akikufa, watoto wanamvuta mbali na nyumba, wanamfukia, basi imekwisha. Hakuna kilio, hakuna matanga. Ndiyo maana wengi wetu wakisikia kwamba kule Rwanda, kati ya mlima Karisimbi na mlima Bisoke, kuna makaburi ya gorila yaliyoandikwa majina, wanacheka: "Hayo ni mambo ya wazungu." Mimi naomba tusiharakie kucheka.

Makaburi hayo yako Karisoke, kambi aliyoianzisha Dian Fossey, Mmarekani, mwaka 1967, kiisha kutoka Kabara, upande wetu wa Kongo. Tarehe 31 desemba 1977 wawindaji walimuua kwa mikuki gorila aliyeitwa Digit, wakamkata kichwa na mikono. Fossey akamzika karibu na nyumba yake. Mwaka 1978 wakafuata Uncle Bert, Macho na mtoto wao Kweli. Tazameni majina hayo: Macho, Kweli. Ni Kiswahili chetu! Fossey mwenyewe aliuawa desemba 1985, akazikwa pale pale karibu na Digit, tarehe 31, miaka 8 kamili.

Kosa lake naliona. Gorila aliwapa majina na kaburi; lakini wawindaji, wengi wao Batwa maskini, aliwatendea kwa ukali mkubwa. Upendo wa mnyama unaosahau njaa ya jirani una kilema.

Hata hivyo, kaburi lile halikuwa la machozi tu. Mwaka 1978 mfuko wa pesa wa kulinda gorila ulipewa jina la Digit, na jina hilo likafika mbali. Katika milima ya Virunga gorila walikuwa karibu 250 mwaka 1981. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilikuta 604. Bila jina, Digit angebaki nyama ya porini tu.

Sisi wa Katogota tunayo tarehe yetu: 14 mei 2000, raia walipouawa hapa kijijini. Mara nyingi tunataja hesabu, na hata juu ya hesabu tunabishana. Lakini hesabu haina mama wala shamba. Kama gorila aliandikiwa ubao, mtu wetu atakosaje? Tuandike majina, moja moja, pamoja na ya baba na mama, wakati wazee wanaoyakumbuka wangali nasi.