Huyo Dereva Anaitwa Nani? Kukisoma A Small Place cha Jamaica Kincaid

Katika somo la tafsiri, mwaka wangu wa pili, mwalimu wetu alitugawia kurasa za mwanzo za A Small Place, kitabu cha Jamaica Kincaid kilichochapishwa mwaka 1988, akatutaka tuzilete kwa Kiswahili baada ya wiki mbili. Makala haya yametokana na kazi hiyo, na hasa na sentensi moja ambayo mpaka leo mimi na mwalimu hatujaelewana juu yake.

Kwa asiyekijua, hiki ni kitabu chembamba kisichofika kurasa 100. Si riwaya, wala si kitabu cha safari kwa maana ya kawaida, ingawa kinaanza na mtu anayeshuka kutoka ndege na kuingia kwenye teksi. Kinahusu Antigua, kisiwa cha Karibi chenye eneo la kilomita za mraba 281. Pemba ni zaidi ya mara tatu yake. Kincaid alizaliwa huko mwaka 1949 chini ya ukoloni wa Kiingereza, akaondoka mwaka 1965 kwenda Marekani kulea watoto wa familia moja, na baadaye akawa mwandishi wa jarida la The New Yorker. Kisiwa kilipata uhuru mwaka 1981. Aliporudi kukiangalia, alikikuta kimejaa hoteli za ufukweni, na akaandika kwa hasira ambayo wengi kisiwani hawakumsamehe kwa muda mrefu.

Wauzaji wa safari hupenda kusema kwamba Antigua ina fukwe 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Kincaid anafanya jambo rahisi na la kikatili: anamchukua mtalii uwanja wa ndege na, kabla hajamfikisha kwenye ufukwe wake, anampitisha barabara yenyewe. Uwanja umepewa jina la waziri mkuu, na mwandishi anashangaa kwa nini kiongozi huyo hakutaka jina lake liwekwe kwenye shule au hospitali. Kisha inapita shule ambayo mgeni anaweza kuidhania choo, hospitali ambayo waziri wa afya mwenyewe haiamini akiugua, majumba ya watu waliotajirika kwa njia ambazo kila mtu anazijua, na maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1974, ikiwa bado na kibao kinachosema kwamba matengenezo yanasubiriwa. Mtalii akifika hotelini anafungua dirisha na kuiona bahari. Kincaid anamnong'oneza kuhusu maji machafu yanayoishia mumo humo baharini, na kuhusu chakula cha mezani ambacho kwa sehemu kubwa kimekuja kwa ndege kutoka Miami.

Yote haya yanasemwa kwa nafsi ya pili: wewe. Wewe mtalii, wewe uliyechoshwa na maisha yako ya kawaida, wewe unayefurahia jua lisilokoma bila kufikiri kwamba kwa mwenye kisiwa jua hilo ni ukame. Hapa ndipo tafsiri ilipoanza kutusumbua. Kwanza ilibidi tuchague kati ya wewe na nyinyi. Tukachagua wewe, kwa kuwa mtalii wa Kincaid yuko peke yake garini. Lakini baada ya aya moja tu, wewe yule alimezwa na kiambishi. Unashuka. Unapita forodhani. Unatoka nje, unakutana na joto. Na kila anayezungumza Kiswahili anajua kwamba tunasimulia hivyo hata mambo yetu wenyewe: "Unafika pale stendi, unakuta watu wamejaa, unakaa kwenye gunia lako unasubiri." Yule u- hamshtaki mtu, anamwalika akae upande wa msimulizi. Kwa hiyo katika rasimu zetu za kwanza, maneno yaliyokuwa kidole kinachomwelekea mtalii machoni yaligeuka hadithi ya mtu anayetuhadithia safari yake. Mwenzangu mmoja alilazimika kurudisha "wewe" mwanzoni mwa karibu kila sentensi ili hasira isipotee, na tafsiri yake ikasomeka kama ugomvi wa sokoni. Nadhani alikuwa sahihi kuliko sisi.

Darasani tuligawanyika kuhusu kitabu chenyewe. Wapo waliosema kwamba Kincaid anawatukana watu wake mbele ya wageni, tena kwa lugha ya wageni. Wapo waliosema kwamba ndivyo kejeli inavyofanya kazi, na asiyeweza kuistahimili arudi kwenye vipeperushi vya mashirika ya ndege. Mimi sikuwa upande wowote, kwa sababu nilikuwa nasoma nikimtafuta mtu mwingine kabisa.

Baba yangu ni dereva wa watalii. Anawapokea Entebbe, anawapeleka Fort Portal kuona sokwe, anateremka nao Kasese hadi mbugani, anawafikisha Bwindi, kisha anawarudisha. Kabla ya hapo aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala, na Kiswahili chake ni cha barabarani: hakina ngeli nyingi lakini kina kila kitu kingine. Likizo ile nilimsomea tafsiri yangu ugenini kwake Mityana, yeye akiwa amekaa barazani, miguu kwenye beseni la maji ya moto baada ya safari ya siku nane. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Alicheka pale penye uwanja wa ndege. Penye hospitali hakucheka. Nilipomaliza aliniuliza swali moja:

"Huyo dereva anaitwa nani?"

Nilimwambia hana jina.

"Mtu amempitisha kisiwa kizima, na hana jina?"

Nilirudi kwenye kitabu nikiwa na swali hilo, na ninakiri kwamba limeharibu heshima yangu kwa sehemu yake ya kwanza, ile ambayo hufundishwa kuliko zote. Tazameni dereva anachopewa. Anataja nauli, na mtalii anadhani ni kwa fedha za hapo, mpaka dereva anapomalizia kwamba ni dola za Marekani. Mtalii anaomba kuona orodha rasmi ya bei. Dereva anaitoa na kuomba radhi kwa kosa lake, kosa ambalo kwa bahati nzuri lilikuwa linampendelea yeye. Kisha anaendesha kwa fujo katikati ya barabara. Basi. Kuhusu nyumba yake tunaambiwa kwamba haifanani kabisa na gari jipya la Kijapani analoendesha, gari lililopatikana kwa mkopo ambao serikali inawahimiza watu wauchukue huku mawaziri wakiwa na hisa katika biashara ya magari. Huo ni uchambuzi mkali wa uchumi na ninaukubali kila neno. Lakini dereva yumo ndani yake kama mfano tu.

Kinachoniumiza zaidi ni pale penye petroli. Magari yale mapya, anasema Kincaid, yanatoa mlio mbaya kwa sababu injini zake zimetengenezwa kwa petroli isiyo na madini ya risasi, nayo yanajazwa ile yenye risasi. Kisha anamwonya mtalii asimwulize anayeendesha kama ndivyo ilivyo, kwa kuwa hajawahi hata kusikia kwamba kuna petroli isiyo na risasi. Nilimsomea baba sehemu hiyo mara mbili. Aliitoa miguu kwenye beseni.

"Jina la petroli anaweza asilijue," alisema. "Mlio anaujua. Dereva ndiye wa kwanza kusikia gari likiumwa. Abiria anasikia wiki ya pili."

Mtetezi wa kitabu atanijibu, na mwalimu wangu alinijibu hivyo, kwamba dereva ananyamaza kwa makusudi. Sisi tumefungiwa ndani ya kichwa cha mtalii, na mtalii hasikii. Laiti dereva angefunguka na kueleza maisha yake, mtalii angepata ile zawadi anayoipenda kuliko zote: mwenyeji mchangamfu wa kumsimulia akirudi kwao. Kincaid anamnyima zawadi hiyo. Jibu hili lina nguvu, na kwa muda lilinitosha. Nimewaona watalii wa baba wakiandika madaftarini kila alichosema, na nimemwona baba akijifunza kusema vinavyoandikika.

Lakini mtu asemaye kwamba dereva hajui si mtalii. Ni msimulizi. Mtalii hajui lolote kuhusu petroli ya Antigua wala mikopo yake wala mawaziri wake. Yote hayo ni maarifa ya Kincaid anayoyamimina sikioni mwa mgeni. Ndani ya teksi ile basi mna watu watatu, na wawili wanazungumza juu ya kisogo cha wa tatu. Hapo ndipo ninapoona kwamba mwandishi, kwa kumchukia mtalii kiasi kile, amejikuta akikaa naye kiti cha nyuma.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii ni mgeni ambaye ameondoka kabla jembe halijapatikana, na Kincaid anayaona hayo vizuri: watu wengi duniani hawawezi kwenda popote, na mtalii anageuza kuchoka kwao kuwa mapumziko yake. Ila methali hiyo inahitaji mwenyeji wa kukabidhi jembe. Katika sehemu ya kwanza mwenyeji huyo hayupo.

Yupo baadaye, na ndiyo maana sikiachi kitabu hiki. Mtalii anapokwisha kusahauliwa, Kincaid anashuka garini na kuanza kuitafuta maktaba kwa miguu. Maktaba ya zamani ilikuwa jengo zuri alikokuwa akisoma na, anakiri bila aibu, alikoiba vitabu, jambo ambalo mkutubi wake alilishuku siku zote. Sasa jengo linatumiwa na kundi la karnivali, na vitabu vimehamishiwa juu ya duka, vingi vikiwa bado ndani ya maboksi. Mkutubi yupo pale. Kincaid anazungumza naye, anauliza, anakwenda kwa huyu, anaelekezwa kwa yule, anamwendea hata mwanamke wa klabu ya matajiri wa kizungu ambaye hampendi na ambaye naye hampendi. Hakuna anayetoka msafi kwenye kurasa hizo, hata mwandishi. Nilizisoma kurasa zile kama mtu anayesafiri kweli ndani ya kisiwa, mbali na ufukwe, kwa sababu safari ile inategemea watu wa pale wakubali au wakatae kumjibu. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba Kincaid hajui kumsikiliza Mwantigua. Anajua. Anajua vizuri kabisa. Kwa dereva hakutaka.

Jambo moja zaidi kwa wenzangu wanaopenda kukinukuu kitabu hiki kana kwamba kimeandikwa juzi. Hospitali mpya ilifunguliwa mwaka 2009. Maktaba mpya ilifunguliwa mwaka 2014, miaka 40 baada ya tetemeko. Bandari ya zamani ya jeshi la majini la Kiingereza, ambayo Kincaid anaizungumzia kwa dharau iliyo halali, iliingizwa mwaka 2016 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na maelezo ya urithi huo siku hizi yanawataja Waafrika waliokuwa watumwa ambao kazi yao ndiyo iliyoijenga. Sisemi kwamba hasira yake imepitwa na wakati. Ila kibao cha matengenezo yanayosubiriwa si mali ya Antigua milele, na anayekibeba hivyo kwenye insha yake anafanya kosa la mtalii, la kukitaka kisiwa kibaki kama alivyokikuta.

(Baba aliniuliza pia wanakula nini huko. Nikamwambia chakula chao cha taifa ni fungee, unga wa mahindi unaosongwa na bamia, na kwamba jina hilo ni ndugu wa funji ya Angola. "Ugali," alisema, na tangu hapo Antigua ikawa nchi anayoifahamu. Mtalii wa Kincaid hafiki kwenye sufuria hiyo.)

Nirudi kwenye sentensi yangu. Pale ambapo dereva anaomba radhi kwa nauli aliyoitaja, rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Dereva anamwomba radhi mtalii kwa kosa lake." Ni sahihi kisarufi. Baba aliikataa papo hapo. Alisema hakuna dereva aliyewahi kuomba radhi kwa bei. Bei ikikataliwa, dereva anacheka, anafungua mlango, anasema, "Ingia tu, bosi, tutaelewana njiani," na kazi ya kuelewana njiani ndiyo kazi yenyewe ya udereva. Niliifuta yangu nikaandika yake. Wiki iliyofuata mwalimu alinirudishia karatasi, sentensi ile ikiwa imepigiwa mstari mwekundu, na pembeni ameandika kwamba maneno hayo hayamo katika matini chanzi.

Ni kweli. Hayamo.